Dowp, Lakabu ya Elspet Lorrach

Katika kijiji cha Portgarrow, pwani ya kaskazini-mashariki ya Uskoti, ukisimama barabarani ukaita Lorrach, yatafunguka madirisha yote isipokuwa la mchungaji na la daktari. Mshona nyavu ni Lorrach, mwalimu wa kwaya ni Lorrach, na mlevi aliyejilaza kwenye kituo cha basi naye ni Lorrach. Wazee wao hawakujisumbua na majina ya ubatizo pia. Waliridhika na William, James na Alexander, wakayarudia kizazi baada ya kizazi, mpaka ikawa lazima kila mlango wa ukoo uwe na lakabu yake. Lakabu hizo hazikuwa mzaha. Ziliandikwa shuleni, zikaandikwa posta, zikaandikwa kwenye karatasi za mashua. Walikuwapo kina Lorrach Bata, kina Lorrach Kijiko, kina Lorrach Mfalme.

Elspet alizaliwa Lorrach Dowp.

Dowp, kwa lugha ya pwani ile, ni matako. Si makalio, neno ambalo hata daktari angeweza kulitamka mbele ya wagonjwa. Ni matako hasa, yale ambayo mama huyataja akiwa ameshika mwiko mkononi.

Chanzo chake kilikuwa James Lorrach, babu wa babu yake Elspet, ambaye Jumapili moja alirudi kutoka kanisani amevaa suti yake nyeusi, akajitupa kwenye kiti bila kutazama, na juu ya kiti mkewe alikuwa ameweka kapu la mshipi wa kuvulia, ndoana zote zimeshatiwa chambo tayari kwa Jumatatu. Ilibidi apelekwe kwa daktari wa mji wa jirani kwenye mkokoteni wa samaki, kifudifudi, akipitishwa vijiji vitatu huku wanawake wakitoka milangoni na kumuuliza dereva kama huo mzigo ni wa kuuza. James aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alinunua mashua, akawa mzee wa kanisa, akaokoa watu wawili waliokuwa wanazama. Hakuna aliyekumbuka lolote kati ya hayo.

Elspet alijifunza mapema kujihami. Mwalimu alipoita majina asubuhi, alikuwa anamkatiza. Mwalimu akisema tu "Elspet Lorrach," yeye alishaitikia "nipo" kwa sauti ya mpiga mbiu, ili neno la tatu lisipate nafasi ya kutoka. Wavulana walimvutia kiti kwa adabu wakimsihi aangalie ndoana kabla ya kukaa. Akiwa na miaka kumi alimpiga mmoja wao kwa samaki aina ya chewa, na tangu siku hiyo wakawa wanamvutia kiti kwa mbali.

Alipofika umri wa kuolewa walijitokeza wawili. Wa kwanza alikuwa Sandy Lorrach Kijiko, aliyekuwa mcheza dansi hodari na mwenye meno yake yote. Wa pili alikuwa Wattie Lorrach Mfalme, baharia mpole ambaye akiingia kwenye dansi alikuwa anakanyaga hata miguu ya watu waliokaa. Elspet hakupoteza muda. Mama yake alimuuliza kama anampenda huyo Wattie, naye akajibu kwamba atampenda baadaye, kwa sasa anaolewa. Pale kanisani alitia saini Elspet Lorrach, jina lilelile aliloingia nalo. Kilichobadilika ni kile ambacho hakikuandikwa, na ndicho alichokifuata.

Kumpenda kulikuja kweli, tena bila kuchelewa. Wattie alikuwa mtu wa kumletea mkewe chai kitandani na kutomsemesha mpaka ainywe. Tatizo lilikuwa mama yake Wattie, Baabie. Yeye alikuja Portgarrow kwa kuolewa, akitokea kijiji kilichokuwa mbali kidogo na pwani, na lakabu ya Mfalme alikuwa ameivaa kuliko wenyewe waliozaliwa nayo. Alisimulia kwamba zamani mfalme mmoja, akikimbia maadui, alilala usiku mmoja nyumbani kwa kina Wattie, akala samaki wa moshi, na asubuhi akamwambia mwenye nyumba kwamba wewe ndiye mfalme wa kweli. Mfalme gani, ilitegemea Baabie alikuwa ametazama nini kwenye televisheni wiki ile. Elspet akimwaga hata tone la maziwa mezani, mama mkwe alikuwa anavuta pumzi na kusema kwa upole kwamba si kosa lake, damu ya Dowp haiwezi kufichika.

Samaki walipoanza kuadimika na mashua kuuzwa moja baada ya nyingine, Wattie na Elspet walifungua duka la samaki na chipsi karibu na bandari. Hapo ndipo simu ilipomkuta Elspet, mchana mmoja wa mwezi wa tano, ameshika mnofu uliopakwa unga, anataka kuuzamisha kwenye mafuta. Sauti ya mwanamke, ya ng'ambo, ya kuchangamka, ilijitambulisha kuwa ni Verna Lorrach wa Nova Scotia, huko Kanada.

"Nimeambiwa wewe ni Dowp," ilisema ile sauti. "Na mimi ni Dowp."

Elspet aliuachia ule mnofu ukaanguka sakafuni. Alitazama huku na huku kama kuna mteja aliyesikia.

Verna aliendelea bila kupumua. Babu yao William Dowp Lorrach aliondoka Portgarrow na meli ya mbao zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita. Huko Nova Scotia akawa na watoto tisa, na tangu hapo kila mtoto wa kwanza katika ukoo hupewa jina la kati la Dowp, awe wa kike au wa kiume. Sasa walikuwa na chama cha ukoo, chenye mwenyekiti na bendera, na majira ya joto hayo walikuwa wanakuja, basi zima, kuiona nchi ya mababu. Na bila shaka, Verna alisema, Elspet anajua maana ya neno Dowp katika lugha ya kale ya milimani. Maana yake ni mwaloni ulio juu ya kilima.

Hapo Elspet angeweza kusema kweli. Alifungua hata mdomo. Lakini yule mwanamke alilitamka neno mwaloni kwa namna mtu anavyotaja jina la mjukuu wake, na Elspet akajikuta akisema, "Ndiyo, na sisi tumesikia hivyo."

Kwa mwezi mzima baada ya hapo alikula kidogo na kulala vibaya. Kila mteja aliyeingia dukani alipewa samaki wake, chumvi, siki, na ombi: wageni wakija, tafadhali, msicheke. Watu wa Portgarrow waliahidi. Ni watu wa heshima, wanaojua kuficha jambo, hasa kama wanaweza kulisema kwa raha baadaye.

Basi lilifika siku yenye jua. Walishuka watu wa kila umri, wamevaa masweta ya kijani yenye mti kifuani na chini ya mti, kwa herufi za dhahabu, DOWP. Wasichana wawili walikuwa na suruali za mazoezi ambazo, kwa mtindo wa siku zile, ziliandikwa neno hilo nyuma, mahali penyewe. Kijiji chote kilikuwa kimejipanga ukutani kuwapokea. Hakuna aliyecheka. Wote kwa pamoja waligeuka kutazama bahari, na wakaitazama kwa muda mrefu sana, mabega yakiwatetemeka. Mshona nyavu ilibidi aende nyuma ya ghala.

Verna alikuwa mama mrefu wa umri wa Elspet, mwenye pua ileile ya Elspet, na alipomkumbatia alilia machozi ya kweli. Elspet naye alilia, ingawa kwa sababu nyingine.

Mwenyekiti wa chama, Lorne, mkandarasi wa mabomba aliyestaafu, alitoa hotuba fupi bandarini kuhusu asili ya jina Lorrach lenyewe. Kwa utafiti wake, kina Lorrach walikuwa walinzi wa mfalme, wakapewa ardhi kwa ushujaa. Baabie, aliyekuwa ameletwa na kiti chake, alitikisa kichwa na kusema walitoka Uhispania, meli yao ikavunjika hapo miambani, ndiyo maana nyusi zao ni nyeusi. Mlevi wa kituo cha basi aliinua mkono, akasema yeye alivyoambiwa na bibi yake, walifukuzwa milimani ili kondoo wapate nafasi. Lorne alimshukuru kwa mchango wake na kuendelea.

Kesho yake asubuhi Elspet na Wattie walikuwa nyuma ya duka wakimenya viazi. Elspet alikuwa anamenya kwa hasira, kiasi kwamba viazi vilibaki na ukubwa wa yai.

"Mwambie tu," Wattie alisema.

"Nimwambie mtu aliyevuka bahari nzima kwamba yeye ni matako?"

"Si wewe pia ni Dowp, na mbona mzima."

"Mimi ni Mfalme," Elspet alisema. "Nimekuwa Mfalme tangu niolewe."

Wattie alikitoa kiazi jicho, akakitia kwenye ndoo, akachukua kingine. Kisha akamuuliza mkewe kama anajua Mfalme ilitoka wapi. Elspet akamjibu kwamba habari ya samaki wa moshi anaijua kwa moyo, hana haja ya kurudiwa.

"Ile aliitunga baba, alipokuwa anamchumbia mama," Wattie alisema. "Mama hajui mpaka leo."

Habari yenyewe, kama Wattie alivyoieleza bila haraka, ilikuwa hivi. Babu wa baba yake alikuwa chooni, kile cha mbao kilichokuwa nje juu ya bandari, ilipozuka tufani. Upepo ulibeba paa, ukabeba mlango, kisha kuta moja moja, ukamwacha mzee amekaa palepale, kofia yake ya kulalia kichwani, mbele ya macho ya mashua zote zilizokuwa zinaingia kujificha. Hakuthubutu kusimama. Nahodha mmoja alipopita chini yake alivua kofia, akamwinamia kama mtu anavyoinamia kiti cha enzi. Kufikia jioni lakabu ilikuwa imeshashika.

Kisu cha Elspet kilikuwa kimesimama hewani. "Miaka yote hii," alisema. "Ungeniambia."

"Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

Elspet alihesabu upya maisha yake. Alimwacha mcheza dansi hodari. Alivumilia mama mkwe. Alikimbia matako ya babu yake mbio zote zile, na mwisho wa safari akayakuta ya babu wa Wattie yanamsubiri, yamekaa tena juu ya choo. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamshika mbavu, mpaka akaangusha beseni na viazi vikatawanyika hadi mlango wa mbele. Wattie, ambaye si mtu wa kucheka, alivifuata kimoja kimoja kwa magoti huku machozi yakimtoka. Elspet alipopata pumzi alijifuta uso kwa aproni, akasema anachukua gari, anakwenda kumpitia Verna.

Alimpeleka milimani kwa gari la duka, linalonuka mafuta ya chipsi hata madirisha yakiwa wazi. Barabara ilifuata mto, ikaacha mashamba ya shayiri, ikapanda mpaka ikaisha kwenye lango la wavu. Kutoka hapo walitembea kwa miguu. Mahali penyewe ndipo palipokuwa panaitwa Lorrach, na Elspet alikuwa amepelekwa mara moja na baba yake akiwa mtoto. Palikuwa na vipande vya kuta nne vinavyofika kiunoni, upupu mwingi, na kondoo.

"Hapa ndipo walipotoka," Elspet alimwambia. "Wote. Wenye ardhi walitaka kondoo, wakawatoa watu, wakawashusha pwani wakajifunze kuvua. Walikuwa hawajawahi kuona hata mashua. Waliulizwa mnatoka wapi, wakasema Lorrach, ikaandikwa hivyo. Hakuna mlinzi wa mfalme. Na Mhispania naye hakuna."

Verna aliinama, akatia udongo kidogo kwenye mfuko wa plastiki, akasema kwamba hilo ni zuri zaidi kuliko walinzi. Kondoo mmoja alikuwa anamtazama sweta lake. Elspet aliona akingoja zaidi hatasema kamwe.

"Verna, Dowp si mwaloni."

"Ni mti gani basi?"

"Si mti. Ni matako."

Verna alibaki na mfuko wake wa udongo mkononi, uso wake vilevile, kama wa mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

"Matako ya nani?" aliuliza baadaye.

Elspet alimweleza yote, kapu, ndoana, suti nyeusi, mkokoteni na vijiji vitatu. Alimweleza kwamba huyo James alikuwa baba yake William, na kwamba kijijini kila mtu alijua kwa nini William alipanda meli. Hakukimbia njaa, kwa maana mashua ya baba yake ilikuwa inapata samaki. Alitaka kwenda mahali ambapo hakuna atakayemvutia kiti. Verna alikaa juu ya ukuta. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kwao husimuliwa jinsi William alivyoshuka melini, na wakati mwandishi wa bandari anauliza jina, baharia mmoja wa Portgarrow akapaza sauti kutoka juu ya ngazi: huyo ni Dowp. Mwandishi akaandika. Kwao ilikuwa hadithi ya fahari.

Wote wawili walimfikiria yule kijana, amevuka bahari kuu kwa wiki nyingi, anatapika, anavumilia, ili apigwe na lile neno mgongoni kabla mguu wake haujagusa nchi kavu.

"Halafu watoto wakamuuliza maana yake," Elspet alisema. "Angewajibu nini? Nadhani aligeuka akatazama dirishani."

"Na nje ya madirisha ya kwetu ni mialoni tu," Verna alisema, na hapo ndipo mdomo ulipoanza kumcheza. "Elspet, mjukuu wangu amebatizwa mwezi wa tatu. Kanisa lilijaa. Mchungaji alimwombea akue awe Dowp imara."

Walicheka mpaka kondoo wakahama upande wa pili wa kilima. Njiani wakirudi, kila walipotulia, mmoja wao alikuwa anakumbuka kitu kingine. Kampuni ya mabomba ya Lorne iliitwa Dowp na Wanawe. Kauli mbiu yake ilikuwa kwamba hakuna kinachovuja.

Jumamosi kulikuwa na karamu katika ukumbi wa kijiji, supu ya samaki wa moshi kwa viazi na maziwa, nyama ya kondoo, na kitindamlo cha krimu na matunda kilichoandaliwa na akina mama wa kanisa. Kabla ya supu, Verna alisimama akawaambia watu wake. Hakuzunguka. Alisimulia vizuri, hata habari ya wanawake waliouliza bei ya mzigo, na kijiji, baada ya siku zote zile za kutazama bahari, hatimaye kiliruhusiwa kucheka. Kelele ilitikisa vikombe. Wale wasichana wawili walikimbilia chooni kubadilisha suruali, wakafika mlangoni, wakashauriana, wakarudi nazo.

Lorne peke yake hakucheka. Alisema kwamba lugha hubadilika, kwamba watu wa pwani wameliharibu neno, na kwamba maana ya asili inabaki kuwa mwaloni. Kwa kuwa ni Mskoti hata kama alizaliwa Kanada, alifanya kile ambacho Waskoti hufanya wakitofautiana kidogo juu ya jambo: alijitenga na kuanzisha chama chake. Kabla ya nyama kuletwa kulikuwa na vyama viwili, kimoja kikiwa kimehamia meza ya karibu na dirisha.

Katikati ya yote hayo Baabie, aliyekaa kati ya Elspet na Verna, alifuta midomo yake kwa kitambaa. Alimwambia Verna kwamba anawasikitikia kwa dhati. Yeye hawezi hata kufikiria kuwa na lakabu ya namna hiyo, kwa vile wao ni Mfalme, na akaanza kueleza jinsi mfalme mmoja akikimbia maadui alivyogonga mlango. Safari hii mfalme alikuwa na mbwa. Ng'ambo ya meza Wattie aliacha kutafuna.

Elspet alimtazama mama mkwe wake, mikono yake iliyojaa mishipa, broshi yake ya fedha yenye umbo la taji, aliyojinunulia mwenyewe. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Alikuwa amelisubiri maisha yake yote, hata kabla hajajua kwamba lipo.

"Mama," alisema, "ngoja nikuongezee krimu." Akamjazia bakuli, akauliza huyo mbwa alikuwa wa rangi gani.

Kiangazi kilichofuata Elspet na Wattie walifunga duka kwa mara ya kwanza, wakapanda ndege kwenda Nova Scotia kumtembelea Verna. Wattie alilala njia nzima. Elspet alikaa dirishani, na kila alipochungulia chini akaona maji tu, alizidi kumhurumia William. Walipotua alipelekwa kwa ofisa kijana wa uhamiaji, mwenye adabu, ambaye alimuuliza anakwenda kwa nani. Elspet akamtajia Verna, na jina lake la kati. Kijana alisimamisha kalamu. Alisema hilo jina analisikia sana upande huu, je, kina mama wa Uskoti wanalitamkaje hasa?

Elspet aliweka mkoba wake chini, akavuta pumzi, akamtamkia, kwa sauti iliyofika mpaka kule watu walikokuwa wanapokea mizigo. Kisha, kwa kuwa kijana aliuliza na foleni ilikuwa fupi, akamwambia na maana yake.